Nilibeba Sahani Katika Mkahawa Anamopika Mume Wangu, Sasa Hanisemeshi

Dada Flaviana mpendwa,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya hospitali, zamu yangu inaanza baada ya dakika arobaini, na nisipoyatoa haya leo nitapasuka, kwa hivyo nakuomba unisikilize mpaka mwisho na unishauri, lakini tafadhali usinihurumie kupita kiasi kwa sababu mimi si mtu wa kuhurumiwa.

Mimi ni Mkisii wa Nyamira, nina miaka arobaini na sita, tunaishi Grand Prairie hapa Texas, nimekuwa nesi miaka kumi na saba na sasa ndimi msimamizi wa zamu katika wodi yetu, na sisemi hivyo kujigamba, ingawa hata nikijigamba ni haki yangu. Mume wangu, ambaye nitamwita Baba Lydiah kwa jina la binti yetu, ni mpishi. Si mpishi wa kubahatisha. Ni mpishi mkuu wa mkahawa mmoja wa Kiingereza huko Dallas, ile mikahawa ya vitambaa vyeupe mezani na uma tatu kwa mtu mmoja, ambapo watu huweka nafasi wiki tatu kabla, na alifika hapo kwa jasho lake, maana alipokuja Marekani alianza kwenye ghala huko Fort Worth, akaendesha malori miaka sita mpaka mgongo ukakataa, akaingia chuo cha upishi akiwa na miaka arobaini, akasoma na vijana ambao angeweza kuwazaa, akaanza kwa kumenya viazi, na leo akisema neno jikoni watu tisa wanaitikia kwa pamoja, "Yes, Chef!" Wazungu, Wameksiko, wote.

Sasa kwetu, Dada Flaviana, mwanamume akishatahiriwa, jikoni si mahali pake, na kwa akina Baba Lydiah kuna kidonda kikubwa zaidi ya hicho. Baba mkwe wangu, Mungu amlaze pema, alimpikia meneja Mwingereza kwenye shamba la chai kule Kericho miaka ishirini na tisa, akiingia kwa mlango wa nyuma na kula kilichobaki akiwa amesimama, na watoto wake wakachekwa shuleni eti wanalelewa kwa makombo. Kaka yake mume wangu, shemeji Samson, ambaye ndiye mkubwa wa boma, aliapa kwamba hakuna mwanamume mwingine wa nyumba hiyo atakayempikia mzungu. Baba Lydiah alipoacha lori akampigia simu kumwambia anasomea upishi, Samson alimwambia hivi, nami nilikuwa nimekaa hapo hapo nikisikia: "Baba alimpikia Mwingereza kwa sababu hakuwa na lingine. Wewe umevuka bahari ndio ukampikie kwa hiari yako?" Tangu siku hiyo, miaka minane, wale ndugu wawili wakipigiana simu ni mvua imenyeshaje na ng'ombe amezaa nini. Kazi ya mume wangu haitajwi.

Mwezi wa tano Samson alikuja kwa mahafali ya Lydiah. Nikasema moyoni, huyu mzee hatarudi Nyamira kabla hajaketi kwenye meza ile. Nikapiga simu mwenyewe nikaweka nafasi ya watu watatu, mimi, Samson na Lydiah, Jumapili saa nane mchana baada ya kanisa, wakati wanapopika ile nyama ya ng'ombe ya kuoka ambayo Waingereza hula siku ya Jumapili. Nikavaa kitenge changu cha sherehe na kilemba chake. Samson akavaa suti ya kahawia na kofia, akaketi kwenye gari wima kama anaenda kutoa ushahidi.

Tulisimama mlangoni dakika ishirini huku naona meza tupu. Tulipoketi, hakuna maji. Mhudumu alikuwa msichana mmoja Mkongomani, jina lake Merveille, akapita mbio akatuita "guys", kama vijana wa rika lake, yaani Samson wa miaka sitini na nne, "guys", akaenda. Samson akamwita kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kiswahili cha Kongo, "Nakuya, papa, nakuya," na hakuja. Tukaletewa vinywaji vya meza nyingine. Supu ikaja bila vijiko, na vijiko vilipokuja supu ilikuwa imepoa, halafu Samson akiwa katikati ya kuila msichana akanyoosha mkono kwenye bakuli akauliza, "Are you still working on that?" Samson akanigeukia. "Anasema nini?" Nikamwambia, anauliza kama bado unaifanyia kazi hiyo supu. Akasema, "Mwambie kazi ni kuingoja. Kuila ni likizo."

Tulicheka, lakini nyama ndiyo haikuja. Nusu saa. Dakika arobaini. Kisha nikaona shemeji amekunja kitambaa chake, amekiweka mezani, akachukua kofia. "Mama Lydiah, tuondoke," akasema polepole. "Mwingereza ni yule yule. Baba alisimama nyuma ya kiti chake, na mimi ananisahau nikiwa nimeketi."

Dada Flaviana, hapo mimi nikaona miaka minane inatoka mlangoni na kofia. Na nilivyolelewa, kama ndugu mkubwa wa mume wako ana njaa na wewe umekaa, basi aibu ni yako, haijalishi uko Nyamira au uko Dallas. Nikasimama. Lydiah akanishika kitenge, "Mom, no. Mom, sit down, that's not your job." Nikamwambia, "Nyamaza, mtoto. Hiyo ndiyo job yangu." Nikafuata mlango wa jikoni uliokuwa ukibembea.

Na huko ndani nikamwona mume wangu. Sikuwa nimewahi kumwona kazini. Amevaa nguo nyeupe iliyonyooshwa, ana kitambaa begani, anapangusa ukingo wa sahani kwa uangalifu vile mimi napangusa mtoto mchanga, na mbele yake kuna sahani nyingi zimepangwa chini ya taa za moto, nzuri, zikitoa mvuke, na hakuna wa kuzichukua. Nilisikia fahari ambayo sikuisikia hata siku ya harusi yetu, nasema ukweli. Akaniona. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Lydiah, please. Enda ukae." Nikasema, "Shemeji ana njaa." Nikauliza zetu ni zipi, kijana mmoja akanionyesha, nikabeba tatu kwa mikono miwili vile tunabeba harusini, nikatoka.

Ningeishia hapo labda nisingekuandikia. Lakini nilipofika katikati ya ukumbi mzee mmoja akainua mkono, "Ma'am, could we get some water?" Sasa mimi nione mzee ana kiu nipite? Nikampa maji, akaniambia wametoka Plano, mji ulio kaskazini mwa Dallas. Meza ya pili wakaniuliza chakula chao kiko wapi, nikaenda nikakileta. Nikaondoa vyombo vichafu. Nikamtafutia mtoto kiti kirefu. Kwa jumla nilihudumia meza nne, Dada Flaviana, nikiwa na kitenge na kilemba, na nikikwambia ukumbi ule ulitulia, ulitulia, na watu wakaanza kutabasamu. Samson alitoa simu akanichukua video, akaituma kwenye kundi la familia, na kabla sijaketi Nyamira nzima ilikuwa imeandika, "Mke wetu amewafundisha Waingereza kazi!"

Nilipoketi mwishowe nikamkuta Samson anakula. Alikula ile nyama na mchuzi wake mzito, na kile kiandazi chao cha mayai kilichofura kama bakuli, akapangusa sahani mpaka ikabaki nyeupe. Halafu akaniambia kwa Kikisii, macho yakiwa chini, "Huu mchuzi ni wa baba. Harufu ni ile ile iliyokuwa kwenye shati lake. Lakini yeye hakuula hata siku moja akiwa ameketi. Mdogo wangu ameniketisha." Tukaletewa keki ya tende ya moto, tamu hata sina cha kuilinganisha nacho, tukala, tukaondoka.

Jioni Baba Lydiah aliporudi nyumbani Samson alimsimulia vile nilivyobeba sahani, tukacheka sisi wote isipokuwa mwenye nyumba. Alikuja nikiwa naosha vikombe akaniuliza swali moja tu, "Na nyama, ilikuwaje?" Nikamwambia, "Nyama gani, mimi nilikuwa nabeba maji ya watu wa Plano! Yule msichana wenu mtamfuta lini?" Akasema yule msichana alikuwa na meza kumi na moja peke yake, ni wiki yake ya kwanza na wenzake wawili hawakutokea kazini. Akaenda kulala. Samson akasafiri Jumatano.

Sasa ni wiki ya tano. Mume wangu hanisemeshi ila "umelipia maji?" na "gari lina mafuta?" Lydiah ndiye aliyeniambia, naye aliambiwa na baba yake, kwamba Merveille alilia siku ile kwenye stoo, na kwamba sasa mume wangu akiita wahudumu waje wachukue chakula wanamjibu, "Call your wife," yaani amwite mkewe. Halafu Jumatatu nikapigiwa simu na mwenye mkahawa, mama Mwingereza, akaniambia msimamizi wa wahudumu wake ameacha kazi na yeye hajawahi kuona mtu akituliza ukumbi vile, je, nitakubali kuja Jumamosi na Jumapili niwasimamie? Nilifurahi, sitakuficha. Nikamwambia Baba Lydiah. Aliweka funguo mezani akasema, "Ukichukua hiyo kazi, mimi narudi kwa lori." Na mgongo ule.

Naomba uniambie, je, ni wivu? Niikatae nafasi niliyopewa kwa sababu najua kazi? Nilifanya yote kwa ajili yake. Kama nimekosa niambie nilikosa wapi, kwa sababu mimi nimetafuta sijaona.

Ni mimi,
Mwenye Fahari Aliyekwama, Grand Prairie

*

Dada Flaviana anajibu:

Mwenye Fahari, pole. Na hongera, maana barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nimesikia njaa.

Nianze kwa kukutetea, kwa sababu najua wapo wasomaji watakaokuona mwanamke wa fujo. Hukufanya fujo. Mkubwa wa nyumba alikuwa ameshika kofia, na kofia ile ingetoka mlangoni isingerudi. Uliinuka, ukaleta chakula, shemeji akala. Mimi kwetu ni Bukoba, na nikwambie ukweli, ningekuwa mahali pako ningeingia jikoni mapema zaidi yako. Zile sahani tatu za kwanza ninakusamehe, na mumeo naye atakusamehe.

Ila zilizofuata, mama, zilikuwa za nani?

Wewe ni msimamizi wa wodi. Hebu fikiria siku moja Baba Lydiah amekuja hospitalini kumwona ndugu aliyelazwa kwako, akakuta dawa zimechelewa, akachukua trei akaanza kugawa. Wagonjwa wanamshukuru, watu wanapiga video, kesho yake mkurugenzi anampigia simu ampe wodi aisimamie. Wewe utafika nyumbani ucheke? Nakujua kwa barua moja tu, lakini naapa ungemtoa na mashuka yake.

Na hapo hapo nina ugomvi na wewe. Binti mmoja, wiki ya kwanza, meza kumi na moja, wenzake hawapo. Watu wote waliokuwa ukumbini siku ile walikuwa na haki ya kutojua maana yake. Wewe huna. Miaka kumi na saba ya unesi, mara ngapi umeachwa na wagonjwa kumi na mmoja peke yako, kengele zinalia vyumba vyote, na mke wa mgonjwa mmoja anasimama mlangoni amekunja mikono anakuuliza mtafukuzwa lini? Huduma ilikuwa mbaya, sikatai. Kuitwa "guys" mtu wa miaka sitini na nne ni kosa, hata kama huku Texas wanaita hivyo mpaka maaskofu. Lakini mtoto aliyewajibu "nakuya" alikuwa kweli anakuja. Alikuwa anakuja meza kumi na moja kwa wakati mmoja.

Sasa tuje kwa mumeo. Unauliza kama ni wivu. Siyo wivu. Nilipomaliza barua yako nilichukua kalamu nikatafuta kitu kimoja: mahali ulipomwambia Baba Lydiah kwamba chakula chake kilikuwa kizuri. Mimi umeniambia. Umenieleza mchuzi, umenieleza keki ya tende, umenieleza fahari uliyoisikia ulipomwona na kitambaa begani, kubwa kuliko ya siku ya harusi. Nimesoma mstari huo nikafuta machozi, na mimi ni mtu baki tu huku Houston. Yeye je? Yeye alikuuliza kwa mdomo wake. Mtu mzima, mpishi mkuu, anayeitikiwa na watu tisa, alisimama karibu na sinki lako kama mwanafunzi anayengoja matokeo, akauliza nyama ilikuwaje. Ukamjibu habari za maji ya watu wa Plano.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo kubwa. Mwanamume huyu amengoja miaka minane kaka yake aseme neno moja juu ya kazi yake. Kaka amekuja, ameketi, amekula, na neno amelisema. Nani alilisikia? Wewe. Mumeo alikuwa nyuma ya ule mlango akipanga sahani za watu wengine. Kilichomfikia yeye ni video, na kwenye video hiyo hayumo. Nyamira nzima imeambiwa kwamba mke alibeba sahani. Hakuna aliyeuliza ndani ya sahani kulikuwa na nini na kimepikwa na nani. Ulienda kuwaonyesha watu mumeo, mama, ukajikuta umeonyeshwa wewe. Hukukusudia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Halafu unamletea habari kwamba pale pahali pamoja duniani anapoitwa mkuu, wikendi utakuwepo na wewe, na wahudumu wanaomkejeli watakuwa chini yako. Angesema nini zaidi ya lori?

Basi nisikilize vizuri, na zamu yako ijayo isianze kabla hujanielewa.

Kazi hiyo utaikataa. Sikuambii ukatae kwa sababu wewe ni mwanamke, au kwa sababu huiwezi. Unaiweza, tena sana, na ikija ya mkahawa mwingine wowote kati ya Fort Worth na Galveston, ichukue na uniandikie nije kula. Hii hapana. Mpigie yule mama Mwingereza umshukuru, na usimtaje mumeo kama sababu, maana utakuwa umembebesha mzigo mwingine. Mwambie tu una wodi yako. Ila kwa kuwa ameshakusifu, tumia sifa hiyo: mwambie ulichokiona kwa macho yako, kwamba chakula kilikuwa tayari, kizuri, kimepangwa chini ya taa, na kilichokosekana ni mikono. Aajiri watu. Si kazi ya binti mmoja, na si kazi ya mke wa mpishi.

Merveille utaenda kumwona ana kwa ana. Usimtumie ujumbe na usimpelekee maua. Nenda siku ambayo hayuko zamu, umwambie pole, msichana wangu, mimi ni nesi na nilipaswa kukuelewa. Mkongomani mwenye adabu zake hatakuacha umalize sentensi kabla hajakwambia "ni bure, mama", lakini wewe maliza.

Kwenye kundi la familia andika wewe mwenyewe. Ile video iache ilivyo, hata mimi ningependa kuiona. Chini yake andika aliyepika, majina yake yote matatu, na cheo chake, na alipoanzia. Wape na habari za viazi alivyomenya.

Halafu mpigie Samson. Usimwombe ampongeze mdogo wake, mtu wa namna ile ukimwomba atakaza shingo. Muulize tu, "Shemeji, yale uliyoniambia mezani, Baba Lydiah anayajua?" Atanyamaza. Mwache anyamaze, usimsaidie, najua itakuuma kutosaidia. Ikiwa ni mtu ninayemdhani, atapiga simu mwenyewe kabla jua halijazama huko Nyamira. Na akipiga, wewe toka sebuleni, nenda nje, washa gari uende dukani ukanunue hata chumvi. Hayo ni ya kwao wawili.

Lakini usingoje Samson ndipo wewe uanze. Zamu ikiisha rudi nyumbani, na kabla hujavua viatu mtafute popote alipo, umwambie habari za nyama kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na mchuzi, na ile keki, na vile moyo wako ulivyofanya ulipofungua ule mlango. Mwambie polepole. Akisema ameshachelewa kwenda kazini, msindikize mpaka kwenye gari ukiendelea kusema.